Asumini Iliyokuja Mwezi Usio Wake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huwa naikumbuka kwa pua kabla ya kuikumbuka kwa macho, kwa sababu siku hiyo pua yangu haikupata kitu. Uwanja wa nyumba yetu hapa Muyinga ulikuwa umejaa watu waliovaa vizuri. Vyungu vya pombe ya mtama vilikuwa vimepangwa kivulini, mirija imeoshwa, na katikati ya uwanja kulikuwa na kiti kitupu chenye kofia ya marehemu baba yangu. Kilichokosekana ni harufu ya asumini. Kwa ajili ya harufu hiyo, mama yangu alikataa kuvua kitenge cheusi mbele ya wageni wote.

Ngoja kwanza nikuambie anayekuandikia ni nani, maana nasaha za mtu usiyemjua ni kama dawa isiyo na jina kwenye chupa.

Mimi sikurithi shamba. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi Tanzania, ndani ya kibanda cha udongo, mtoto wa watu waliokimbia Burundi na nguo za mwilini tu. Nilibeba magunia sokoni Kigoma huku nikisoma, nikafeli, nikarudia, na mwishowe nikapata diploma ya kilimo cha bustani. Iko ukutani sebuleni, ndani ya kioo, na mgeni akiingia humwonyesha kabla hajaketi. Wapo wanaosema najisifu. Ndiyo, najisifu. Nilichokipata kwa mgongo wangu nitakisemea mwenyewe, kwa kuwa sikuwa na mjomba mkubwa wa kunisemea. Leo hii ukifika Muyinga ukauliza maua ya harusi yanapatikana wapi, hata mtoto wa shule atakuonyesha njia ya kwangu. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya kiti kitupu nilikuwa kijana niliyerudi juzi, diploma mkononi, bila hata ua moja la kuonyesha.

Baba hakuwahi kurudi. Alifariki kule Tanzania wakati habari za amani zimeshaanza kusikika redioni, na watu wameshaanza kufunga mizigo. Kwao ni mlimani, upande wa Mutoyi, mkoa wa Gitega. Huko, baba alipokuwa mtoto, bibi yangu alipanda asumini kando ya uzio, na Jumamosi jioni baba na ndugu zake walichuma matumba yakiwa bado yamefumba, wakayafunga kwenye jani la mgomba na kuyanyunyizia maji, ili Jumapili yafike kanisani yakiwa yamefunguka usiku. Asumini ndivyo ilivyo. Ukiichuma imefunguka umechelewa. Unaichuma imelala, nayo inaamkia mikononi mwako.

Ukimbizini baba alitufundisha miezi ya Gitega kama wazazi wengine wanavyofundisha sala. Jioni tulikaa mbele ya kibanda naye akauliza, sisi tukajibu. Agosti? Kata matawi. Septemba? Mvua inaingia, taratibu, haina fujo. Oktoba? Machipukizi, kisha matumba. Na siku ya marehemu wote, mwanzo wa Novemba? Hapo tulijibu kwa sauti moja, "Asumini imefunguka, mlima mzima unanukia!" Mimi nilizijua mvua za Gitega kabla sijaiona Gitega. Nilijua baridi ya usiku wake inavyoifunga harufu ndani ya ua mpaka jua litoke. Nadhani baba alikuwa anaogopa tusahau, akaamua kutujaza nchi kichwani.

Siku alipozidiwa alituita. Alisema, "Mkirudi, kilio changu msikiondolee huku ugenini. Kiondoleeni nyumbani, siku ya marehemu wote, na asumini iwepo. Nikisikia ile harufu nitajua mmefika."

Ninyi watoto wa siku hizi mnaweza kuliona jambo hilo dogo. Kwetu siku ya kuondoa kilio, ambayo tunaiita kuganduka, si karamu ya kawaida. Kabla haijafanyika, mjane hubaki na nguo ya msiba, na katika nyumba hiyo haichezwi ngoma wala haifungwi ndoa. Na nyumbani kwetu ndoa ilikuwepo inangoja. Mdogo wangu, Imakulata, alikuwa ameposwa na mwalimu kijana wa Gitega, mtu wa Mushasha, mpole, mwenye shati jeupe siku zote. Kwa hiyo elewa kilichokuwa mezani. Bila asumini mama asingeganduka. Mama asipoganduka, Imakulata asingeolewa.

Tulipovuka mpaka nilibeba vipande vya asumini ambayo baba aliipata ukimbizini akaipanda kando ya kibanda, vimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, kama mtu anayebeba kichanga. Ardhi ya kwao baba ilikuwa imeshagawanywa ikawa vipande vya kutosha kukaushia maharage tu, basi sisi tukabaki Muyinga, nikapanda hapa. Nilijua Muyinga si Gitega. Diploma sikupewa bure. Nikasogeza miezi ya baba kidogo, nikakata matawi, nikasubiri Septemba.

Mvua ya Septemba ilikuja, tena ilikuja mapema na kwa nguvu, na miche ikachipua hadi majirani wakaja kutazama. Kisha mbingu ikafungwa. Jua likawaka wiki baada ya wiki, machipukizi yakajikunja na kuwa meusi kama nywele zilizoungua. Mvua iliporudi, ikaja na mawe, ikapukutisha hata kile kidogo kilichobaki. Na wageni walikuwa wameshaalikwa. Wa upande wa mchumba walikuwa wameshatoka Gitega.

Wakati wa mjane kusimama ulipofika, mama alisimama. Alikitazama kile kiti na kofia yake, akanusa hewa polepole, kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa mbali.

"Bado," akasema.

"Bado nini, mama?" nikamnong'oneza.

"Baba yako bado hajafika." Akakaa chini na kitenge chake cheusi.

Watu wakanywa pombe kimya kimya, wakaondoka. Wakati wa kuagana, baba mdogo wa mchumba, mtu mwenye maneno, akanivuta pembeni. "Diploma," akaniita hivyo, jina ambalo lilikuwa limeanza kuenea, "kijana wetu anaweza kungoja mwaka. Miaka asiyoijua idadi hataweza. Nyumba zenye wasichana Gitega ziko nyingi."

"Mwakani asumini itakuwepo," nikamjibu.

"Mwaka huu pia ulituambia hivyo hivyo."

Imakulata alikuwa nyuma ya mlango, alisikia kila neno. Hakulia. Alichukua ndoo akaenda bondeni kuteka maji, wakati nyumbani maji yalikuwepo.

Mwaka uliofuata sikulala. Kuanzia kiangazi, mimi na Imakulata tulipandisha bidoni, yaani madumu ya maji, kutoka bondeni asubuhi na jioni. Nilikata matawi Agosti ileile, maana hilo ndilo jibu nililojibu tangu nikiwa na meno ya utoto. Mvua ya Septemba haikuja. Tukamwagilia. Oktoba ikaingia na joto ambalo hata wazee wa Muyinga walilishangaa, usiku shuka linakuunguza. Siku moja Imakulata akaja mbio, "Kaka, matumba! Matumba yametoka!" Tulikumbatiana pale shambani. Lakini joto liliyakimbiza. Yalifunguka kabla ya wakati, tena mchana, juani, na hata jioni haijaingia yalikuwa yameshageuka rangi ya chai na kuanguka. Niliokota moja nikalinusa. Lilinuka majani mabichi tu. Jua lilikuwa limeshakula harufu yote.

Mama aliona. Alizidi tu kupungua, na mara nyingine nilimkuta amesimama peke yake kwenye ile miche, akiishika matawi kama mtu anayemshika mkono mgonjwa.

Zilibaki wiki chache kabla ya siku ya marehemu. Nikaamua kwenda Gitega. Nilikuwa nimesikia kwamba mtaa wa Nyamugari yuko mama mmoja wa Kiislamu, Bi Zaina, ambaye ukoo wake umetunga mashada ya asumini ya maharusi tangu enzi za bibi yake. Nikajiambia, kama asumini imebaki mahali popote Burundi, itakuwa kwake.

Nilimkuta kibarazani, mwanamke mnene mwenye hina vidoleni, amekaa kama mwenye mtaa, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa cha mtaani.

"Karibu, kijana. We iko unatafuta ya arusi ama ya msiba?"

"Ya kuganduka, Bi Zaina. Nataka asumini."

"Iko." Akafunua kikapu. Harufu iliyotoka nusura initoe machozi, na maua yalikuwa meupe, mengi, yamepangwa kwa uzi. Nikaingiza mkono. Yalikuwa magumu na makavu.

"Bi Zaina, hii ni plastiki."

"Mais ndiyo ni plastiki! Ulitaka iwe nini?" Akatoa kichupa cha marashi chini ya kanga akakitikisa mbele ya macho yangu. "Hii haiogope jua, haiogope mvua ya mawe. Bibi arusi anavaa asubuhi, mpaka usiku inanukia. Mama yako atafurahi, we chukua tu."

Mwanangu, damu ilinipanda. "Mimi nina diploma ya kilimo cha bustani," nikamwambia. "Sitampelekea mama yangu plastiki iliyopuliziwa marashi."

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwita muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara. "Mama Shabani, kuja uone maajabu! Huyu iko na diploma, mais ua hata moja hana!"

"Mwambie apande hiyo diploma!" yule naye akajibu kwa sauti, na barabara nzima ikacheka.

Nikageuka niondoke. Hapo ndipo Bi Zaina akanishika mkono wa shati, na sauti yake ikawa nyingine.

"Bon, kaa kwanza. Nani amekufa?"

Nikamweleza yote. Baba, miezi aliyotufundisha, kitenge cha mama, mchumba wa Imakulata. Alinisikiliza bila kunikatiza, akizungusha kile kichupa mkononi.

"Baba yako hakusema uongo," akasema. "Mi niliolewa hapa hapa Nyamugari, mwezi huo huo wa kumi na moja. Asumini ilikuwa nyingi mpaka wanawake walikuwa wanaimwaga njiani nipitie. Ile miezi yake ilikuwa ya kweli. Sasa haiko. Mwaka mmoja maua yanakuja mapema, mwaka mwingine yanachelewa, mwaka mwingine yanakuja na hayanukie. Mi nimewaharibia maharusi mpaka nikaona aibu. Unadhani napenda kuuza hii plastiki? Bibi yangu angeniona angenipiga na kiatu."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Mi sijui, we ndiye iko na diploma." Kisha akaninyooshea kidole chenye hina. "Mais nitakuambia kitu kimoja, na usikasirike. Nyie mlikimbia, kila mmoja akabeba Burundi ya siku ile aliyoondoka. Sisi tuliobaki tumeiona inageuka kidogo kidogo. Sasa mnarudi, mnaidai kama nguo mliyoacha kwa fundi. Donc fundi akupe nguo ya mtoto, na we umeshakuwa mtu mzima? Hiyo siku yenu, wageni mulialika?"

"Tulialika."

"Na ua mulilialika? Mulimuuliza asumini yeye atakuja lini?"

Nikakitazama kile kikapu cha plastiki.

"Basi," akasema, "muliita watu wote, mwenye shughuli ndiye mukamusahau."

Sikuona aibu, na sitakudanganya kwamba niliona. Niliona hasira kwanza, kama kijana yeyote anayekaripiwa na mtu asiye mama yake. Kabla sijaondoka alinipa kitawi kimoja cha ile plastiki, bure, akasema nimpe mama salamu.

Nilipofika Muyinga nilikiweka kitawi mezani. Mama aliingia kutoka jikoni, akasimama ghafla mlangoni. Macho yake yalipanuka. Akakikaribia, akakigusa kwa kidole kimoja, akaurudisha mkono nyuma.

"Nini hiki?"

"Ndiyo asumini ya Nyamugari, mama. Siku hizi wanauza hii. Ya kweli inawagomea hata wao."

"Hata wao?" Akaketi. "Wale ambao hawakuondoka?"

"Hata wao. Bibi yake huyo mama alikuwa anatunga mashada mtaa uleule. Anasema miezi ya baba ilikuwa ya kweli, ila sasa joto limezidi na mvua haina tena zamu. Gitega yote iko hivyo, Muyinga yote iko hivyo."

Mama akakunjakunja pindo la kitenge chake. Kisha akasema maneno ambayo hadi leo nikiyaandika kalamu inasita.

"Miaka hii miwili, Nestori, mimi nilidhani ni sisi. Nilidhani tumekaa ugenini sana mpaka ardhi imetusahau. Nilikuwa nasema moyoni, nchi inajua kwamba sisi si wake, ndiyo maana inatunyima ua la mzee. Kumbe inawanyima wote."

Hapo ndipo nilipoelewa ni nini hasa mama alikuwa anangojea. Alikuwa anangojea nchi impokee. Mimi muda wote nilikuwa nashindana na hali ya hewa, naye kila tumba lililoanguka alikuwa analihesabu kama kufukuzwa mara ya pili.

Nikavuta kiti karibu naye. "Mama, baba alitaka nini? Siku ya marehemu, au asumini?"

"Alitaka asumini."

"Siku aliitaja kwa sababu wakati wake ua lilikuwa linakuja siku hiyo. Leo lina siku nyingine, na hatuijui. Basi tusipange siku. Tuandae kila kitu, tumngoje mwenye shughuli. Ua likifika, tutaita watu."

"Watu wataitwa bila tarehe? Na pombe itaiva saa ngapi?"

Sasa mwanangu, hapa naomba uniruhusu nijisifu kidogo tena, maana hili halikutoka kwa baba wala kwa Bi Zaina. Lilitoka kichwani mwangu. Mtama wa pombe unalowekwa, unaota, unakaushwa, unasagwa, unapikwa, unachachushwa. Na asumini, tangu tumba linapokuwa kama punje ya mchele mpaka linapofunguka, linachukua muda unaokaribiana sana na huo. Nikamwambia mama, "Siku nitakayoona matumba yamefika ukubwa wa mchele, ndiyo siku utakayoloweka mtama. Simu zipo. Watu watapigiwa mtama ukiwa umeota. Pombe na ua vitaiva pamoja."

Mama alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu turudi nikaona meno yake. "Hiyo nayo walikufundisha kwenye diploma?"

"Hapana. Hiyo nimeongeza mwenyewe."

Nikafuta siku ya marehemu. Nilimpigia baba mdogo wa mchumba nikamweleza. "Yaani tutaalikwa na mtama?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akacheka, akasema wangengoja mpaka Pasaka, si zaidi.

Kisha nikafanya kazi niliyosomea, bila kufuata tena majibu ya kibandani. Sikukata matawi yote mwezi mmoja. Nilikata sehemu, nikaacha sehemu, baadaye nikakata nyingine, ili mvua ikija wakati wowote ikute miche iliyo tayari kuipokea. Nilichimba shimo la kukinga maji ya bati. Nilitandaza majani ya migomba chini ili udongo usiungue, na nilipanda miti ya kivuli upande ambao jua la mchana linaanguka. Waliopita njiani walinicheka. "Diploma anafunika udongo blanketi!" Nilivumilia. Kucheka ni rahisi kuliko kupandisha bidoni.

Novemba ikapita bila ua. Krismasi ikapita. Imakulata aliacha kuniuliza, akawa anakwenda mwenyewe kila asubuhi kuangalia, kisha anarudi na kuanza kufagia. Mwezi wa Januari mvua ikapumzika, kile kiangazi kifupi ambacho kwa miezi ya baba asumini ingekuwa imelala kabisa. Usiku ukawa na baridi. Asubuhi moja alirudi bila kukimbia safari hii. Alitembea polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa, akafungua kiganja. Alikuwa ameleta punje moja ya mchele kutoka jikoni na tumba moja kutoka shambani, ameviweka pamoja. Vilikuwa sawa.

"Mwambie mama," akasema.

Mama alichukua gunia la mtama akalimimina kwenye maji.

Siku zile zilikuwa ndefu, sitakuficha. Wingu lolote lilinitoa kijasho, nikikumbuka mvua ya mawe. Majirani walisema hakuna mtu anayeganduka Januari, wakati kila mmoja anafikiria mbegu za maharage. Lakini mtama uliota, simu zikapigwa, na siku iliyotangulia shughuli, jua lilipokuwa linateremka, mimi, Imakulata na mama tuliingia shambani tukachuma matumba yakiwa yamefumba, tukayafunga kwenye jani la mgomba, tukanyunyizia maji, kama watoto wa Mutoyi Jumamosi jioni.

Asubuhi watu walipoanza kufika, walisimama njiani kabla hawajaona nyumba. Niliwaona wakigeuza nyuso. Harufu ilikuwa imewatangulia kuwapokea.

Mama aliweka asumini ndani ya kofia ya baba, ikajaa hadi ukingoni. Akasimama mbele ya kiti. Akafungua kitenge cheusi, akakikunja vizuri, akakiweka chini. Kisha akainama akasema, si kwa sauti kubwa, lakini tulisikia sote:

"Mmechelewa, wewe na ua lako. Lakini mmefika. Karibu nyumbani, mzee."

Wanaume wenye mvi walilia siku hiyo, wengi wao wakiwa ni watu waliorudi kama sisi. Bi Zaina alikuwepo pia; alikuja kutoka Gitega na gari la asubuhi, amevaa baibui yake nzuri. Alinusa, akanusa tena, akanijia. "Eh, Diploma. Bon. Leo sina cha kuuza." Aliomba vipande vya kupanda. Nilimpa, na sikumkumbusha habari ya kupanda diploma, ingawa ulimi uliniwasha.

Imakulata aliolewa baada ya Pasaka, kanisani, Gitega. Asumini haikuwepo siku hiyo. Msimu wake ulikuwa umepita. Alishika waridi mbili nyekundu za shambani kwangu, na hakuna aliyelalamika. Mama aliishi miaka mingi baadaye, akicheza na wajukuu, na kila mwaka alikuwa akiniuliza, "Mwaka huu anakuja lini?" kama mtu anayeulizia ndugu aliye safarini.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, nakupa waziwazi ili usije ukasema mzee alizungukazunguka.

Miezi uliyofundishwa na wazazi wako iheshimu, kwa sababu waliijua kwa macho yao na waliibeba wakati hawakuwa na kitu kingine cha kubeba. Lakini usiilazimishe nchi iifuate. Joto la leo si la enzi zao, mvua imepoteza zamu yake, na ua lenye harufu ndilo la kwanza kutuambia, kwa sababu harufu ni kitu chepesi, jua likizidi linaichukua. Tazama mbingu iliyo juu yako leo. Funika udongo, kinga maji, panda kivuli kwa ajili ya mtu atakayekuja baada yako, na usikate miche yako yote siku moja. Shughuli yako ikitegemea kitu chenye uhai, kiulize kitu hicho kwanza, halafu ndipo ualike watu. Yeyote akikuletea plastiki yenye marashi akasema ni yaleyale, mpokee salamu zake na umrudishie ua lake. Na siku mavuno yatakapokunyima, kabla hujajiona umekataliwa, gonga mlango wa jirani umuulize. Huenda naye amekaa ndani akidhani ni yeye peke yake.

Na usiogope kujisifu kwa kazi uliyoifanya. Ila ifanye kwanza.

Mungu akupe mvua iliyo taratibu na usiku wenye baridi ya kutosha. Akupe nyumba ambayo kilio chake huisha, na ndoa zake hazingoji sana. Popote utakapokuwa umekwenda, siku ya kurudi harufu ya kwenu ikutangulie njiani, ikuambie kwamba umefika.